Jina Lililorudi Halikuwa Langu

Sisi Wanande hatuna haja ya kuulizana mtu ni mtoto wa ngapi. Jina linasema lenyewe. Kuna jina la mvulana wa kwanza, kuna la wa pili, kuna la wa tatu, na wasichana nao wana yao, na lipo hata la msichana aliyefika baada ya wavulana, kana kwamba tumbo la mama limebadili mawazo. Ukienda Butembo ukaita jina moja sokoni, nusu ya soko inageuka.

Jina langu mimi ni la msichana wa tatu. Nyumbani kwetu, mtaa wa Katoyi hapa Goma, wasichana tuko wawili tu: yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, ambaye sasa anasoma Butembo, na mimi. Baada yangu ni wavulana watupu. Mtu akisikia jina langu, halafu akatazama vichwa vilivyozunguka sahani, anaona pengo. Pengo hilo nimelijua tangu utoto bila kuambiwa, kama ninavyojua ubao gani wa nyumba yetu unalia ukiukanyaga. Mama hakuwahi kulitaja. Mimi sikuwahi kuuliza. Kwangu mimi, hata kumuuliza mtu saa ni kazi.

Mwaka huu Prof, mwalimu wetu wa informatika, yaani masomo ya kompyuta, alitufungulia klabu ya alasiri. Tulikaa wawili wawili kwa kila mashini, na kila dawati lilitakiwa kutengeneza programu moja inayotoka katika maisha ya nyumbani, ili wazazi waione siku watakapoalikwa shuleni. Mwenzangu wa dawati ni msichana wa familia ya Rutshuru, anaishi kwa shangazi yake huku juu, njia ya Kibati. Nyumbani kwao wanasema Kinyarwanda. Tuligawana kazi siku ya kwanza bila kupatana: yeye anasema kwa niaba yetu, mimi naandika kwa niaba yetu. Prof akiuliza swali, mimi nachapa jibu kwenye skrini, yeye analisoma kwa sauti kama vile limetoka kichwani mwake. Sijawahi kuwa na rafiki anayenifaa kuliko huyo.

Programu yetu ilikuwa ndogo: unaiandikia familia, inakuambia nani atamwita nani yaya. Mdogo humwita mkubwa yaya, basi. Hata mdogo wangu wa mwisho anayajua hayo. Lakini lugha ya programu tuliyokuwa tunafundishwa ilikuwa na kitu kimoja nilichokipenda hadi nikawa naota. Ndani yake huandiki amri nyingi. Unachora umbo. Unasema: kama familia haina mtoto, hakuna wa kuita; kama familia ni mkubwa kisha wengine, basi wale wengine wote wamwite huyo mkubwa yaya, halafu uendelee na hao wengine. Mashini inakitazama kitu kilicho mbele yake. Kikifanana na umbo lako, inakipasua palepale ulipochora, mkubwa huku, wengine kule. Mistari miwili, kazi imekwisha. Kwa mtu asiyependa maneno mengi, ilikuwa kama mtu amenitengenezea lugha yangu.

Na kwa kuwa mimi ni Mnande, nikachora maumbo juu ya majina yenyewe. Ukikuta jina la msichana wa kwanza, huyo ndiye yaya wa wasichana. Ukikuta la wa pili, mweke chini yake. Programu haikuuliza mtu kitu. Ilisoma majina, ikajua kila kitu.

Mwenzangu akaandika familia ya kwao. Programu ikanyamaza.

Kwao kila mtoto hupewa jina lake peke yake, wakati mwingine ni sentensi nzima, jina ambalo halijavaliwa na mtu mwingine nyumbani. Humo hamna wa kwanza wala wa pili.

"Masheri," akaniambia, "mashini yako haituone. Sisi ni mizimu?"

"Majina yenu hayasemi kitu," nikachapa, kwa sababu nilikuwa naona haya kusema hivyo kwa mdomo.

"Yanasema. Ni weye hausikie."

Prof akaja akasimama nyuma yetu. Ni kijana, shati lake lina alama ya chaki mahali palepale kila siku, na huwa hakupi jibu kabla hajasafisha miwani. Akasafisha. Akasema kosa letu ni kwamba programu inachungulia. Inaingia hadi ndani ya familia na kupapasa jinsi ilivyopangwa, kwa hiyo ikikutana na familia iliyopangwa namna nyingine, inapotea. Tutengeneze kisanduku. Ndani ya kisanduku kila familia ijipange inavyotaka: kwa Wanande, majina kwa zamu, kwa akina mwenzangu, jina na mwaka wa kuzaliwa. Nje, mtu yeyote abishe hodi na kuuliza: mko na watoto? Wa kwanza ni nani? Waliobaki ni nani? Kilichomo ndani hakimhusu.

Tukafanya hivyo. Ikafanya kazi kwa familia zote mbili, na mimi nikakasirika siku nzima. Mistari yangu miwili ilikuwa imegeuka maswali ya bariyeri pale mpakani. Una watoto? Ndiyo. Basi nipe wa kwanza. Huyu. Sasa nipe waliobaki. Hawa. Je, kati ya hao waliobaki kuna mtu? Maumbo yangu yalikuwa yamekwisha, kwa sababu huwezi kuchora umbo la kitu usichoruhusiwa kukiona.

"Nataka tuvunje kisanduku," nikamwambia mwenzangu wakati wa mapumziko. Kwake yeye naweza kusema kwa mdomo, tukiwa wawili.

"Apana. Kisanduku kinabaki."

"Kinaharibu programu."

Alikuwa anakula karanga, akaacha. "Weye unapenda mutu asome jina lako ajue kila kitu. Kwenu ni raha. Mimi niko na mahali mutu ananiuliza jina, nikishalisema tu, amemaliza kunisoma. Hata haulizi ingine. Anajua mimi ni nani, natoka wapi, niko upande wa nani. Na hajui kitu." Akanimwagia karanga mkononi. "Abishe hodi kwanza."

Nilikula karanga zake.

Ni Prof aliyetupatanisha, bila kujua kama tumegombana. Alituchorea ubaoni nyumba yenye rido, lile pazia ambalo kila nyumba ya hapa inalo kati ya sebule na vyumba. Akasema mgeni haruhusiwi kuchungulia nyuma ya rido, sawa, lakini pia si adabu kumwacha mgeni barazani akiuliza swali moja moja. Mwenye nyumba anampangia sebule. Basi kila kisanduku kitoe sura: sura hiyo iwe na umbo zuri, mkubwa kisha wengine, na programu ichore maumbo yake juu ya sura, si juu ya undani. Kila familia iandike yenyewe njia ya kutoka, inayogeuza undani wake kuwa sura, na njia ya kurudi, inayogeuza sura kuwa undani.

"Na kuna sharti," akasema. "Ukitoka kisha ukarudi, ukute kile kile ulichokiacha. Kama kimebadilika, sura yenu imedanganya."

Nikapata tena mistari yangu miwili. Mwenzangu akabaki na kisanduku chake. Tukagongana mabega kwa furaha mpaka Prof akatuomba tukae.

Kujaribu sharti hilo tukaanza na familia yake. Ikatoka, ikarudi, kila mtu na jina lake. Halafu yangu. Njia ya kutoka niliiandika hivi: wapange wasichana kwa zamu ya majina. Njia ya kurudi: mpe wa kwanza jina la kwanza, anayefuata jina la pili, na kuendelea. Ni jambo la wazi kabisa kwa Mnande. Nikabonyeza.

Yaya yangu akarudi na jina lake. Mimi nikarudi na jina la msichana wa pili.

Nililitazama. Lilikuwa limeandikwa pale, mahali pangu, likifuatwa na majina ya wadogo zangu, safi kabisa, kama vile mimi ndiye sikuwahi kuwepo. Nilijua ni la nani. Sikuwa namjua mwenyewe, lakini nilijua jina lake, kwa sababu kila Mnande anajua jina la msichana wa pili. Nikazima skrini.

"Juu ya nini imekubadilisha jina?" mwenzangu akauliza.

"Ni kosa dogo."

"Kosa dogo, na weye unalia."

Nikamwambia. Nilimwambia lile pengo, kwa sentensi fupi. Nikamwambia kwamba siku ya wazazi mama atakuja, tayari ameshatuuliza avae kitenge kipi, na atakuja na mama za parokia, wengi wao Wanande. Ataketi mbele ya mashini hii na kuliona jina hilo limekaa juu yangu. Jina ambalo hajawahi kulitamka ndani ya nyumba. Kwangu, programu yote ilikuwa imebaki hicho tu: mama asiumizwe na kitu nilichokitengeneza mimi.

"Nitaweka pengo," nikasema. "Wa kwanza, pengo, halafu mimi. Itarudi vizuri."

Alifikiri. "Halafu mashini itakuambia umuite pengo yaya?"

"Basi nitaliruka."

"Ukiliruka unarudia palepale, unachukua jina lake." Akawasha skrini, akaufuta ule mstari wenye jina lile kwa niaba yangu, taratibu. "Kisanduku si cha mama yako? Muulize yeye."

Alivyosema, ungedhani kumuuliza mama ni kama kuomba chumvi.

Nilingoja hadi Jumamosi. Mama alikuwa amekaa uani, lungo la maharagi mapajani, akitoa mawe. Anapenda kusema kwamba Goma hata maharagi yanazaliwa na volkano. Nikakaa karibu, nikaanza kuchambua upande wangu.

"Mama."

"Eh."

"Ile mashini ya shuleni iko na shida."

"Si mumuonyeshe Prof."

"Shida yenyewe iko kwetu. Kwa familia yetu."

Akanitazama pembeni. "Tumeifanya nini mashini ya watu?"

Nikamweleza, nikianzia mbali kama waoga wote: kisanduku, rido, kutoka na kurudi. Aliendelea kuchambua, akisema "eh" mahali panapofaa. Nilipofika pale jina langu linaporudi likiwa la mwingine, vidole vyake vilisimama.

"Ikakuita vile?"

"Ndiyo, mama."

"Ikaliandika? Jina lake?"

"Ikaliandika."

Nikajiandaa kuomba msamaha, nilikuwa nimeshaupanga kichwani tangu Jumatano. Lakini alisema tu, polepole, "Sijawahi kuliona limeandikwa."

Kisha akauliza, "Unaniuliza juu ya mashini, ao unauliza weye?"

"Mimi, mama."

Akaliweka lungo chini. Akashika sikio lake la kushoto, pale ncha yake ilipopasuka kidogo. Hapo nimepaona maisha yangu yote, nikidhani alijikwaruza shambani. "Ni yeye huyu. Alipenda heleni zangu. Akinyonya, anavuta. Siku moja akavuta kabisa, akabaki nayo mkononi, anacheka na damu yangu." Naye akacheka kidogo. "Mutoto munene. Hakupata hata meno ya juu. Homa."

Akaliachia sikio.

"Weye ulipokuja, baba yako alisema tukupe jina la pili, watu wasiulizeulize. Hakusema vibaya, alikuwa ananionea huruma. Nikakataa. Nikamuambia, huyu ni wa tatu. Akichukua kiti cha mwenzake, mwenzake atakaa wapi?"

Kwa hiyo mashini ilikuwa imefanya kile baba alichotaka, na mama alikuwa ameshakikataa kabla sijafungua macho. Ile alasiri niliona kama jina langu ni zito, lakini zuri, kama blanketi.

"Lakini hausemi juu yake, mama."

"Niseme kwa nani? Munande nikimuambia unaitwaje, ameshajua. Anaona, ananyamaza, ananiuliza bei ya maharagi. Ile ndiyo heshima. Mutu hawezi kuingia mu chumba cha kulala juu tu rido imefunguka." Akalirudisha lungo mapajani. "Na weye haukuuliza. Nikasema, huyu mutoto wangu mupole, siku moja atauliza. Umechelewa, lakini umeuliza."

"Sasa niandike nini?"

Akatoa mawe kama matatu hivi kabla ya kujibu. "Wageni uwaonyeshe wanaokula hapa. Inatosha, hawana kazi na mengine. Lakini ile ya nani anamuita nani yaya, umuhesabu. Weye uko na yaya wawili."

Jumatatu nilimweleza mwenzangu maneno ya mama, naye akawasha mashini. Tukaandika sura mbili kwa kisanduku kimoja. Sura ya wageni inaonyesha walioko nyumbani. Hiyo ni ya kutazama tu, tukaifungia, mtu asiweze kurudi kwa njia yake na kujenga familia upya, kwa sababu angejenga familia yenye mtu mmoja pungufu na mimi nimevaa jina lisilo langu. Sura ya pili ni ya waliozaliwa. Hiyo inatoka na kurudi. Tukaijaribu: yaya yangu, yeye, mimi, wavulana. Kila mmoja akarudi alivyokwenda.

Prof alisafisha miwani mara mbili. Akasema hata wanaotunga lugha za programu wamebishana sana juu ya jambo hili, wengine wakitaka maumbo, wengine wakitaka visanduku, na wakishapatana juu ya sura, wanaanza kubishana upya: sura ya kutazama iwe sawa na sura ya kujenga, au zitenganishwe? Akatuuliza tulijuaje kuzitenganisha. Mwenzangu akanitazama, akaona uso wangu, akasema, "Tuliuliza mwenye nyumba."

Siku ya wazazi mama alivaa kitenge cha kijani. Alikuja na mama wawili wa kwaya, wakajaa darasani na harufu ya sabuni na kitambaa kipya. Mimi nilikaa pembeni nikishika panya wa kompyuta kama mtu aliyeshika kuku asikimbie. Mwenzangu alieleza. Kwanza aliwaonyesha familia ya kwao, wakacheka vizuri pale mashini ilipomwamuru amwite binamu yake yaya, kwa sababu mwenzangu alikuwa amemwingiza binamu huyo makusudi, kwa utani. Halafu akamgeukia mama.

"Mama, tukuonyeshe sura ya wageni?"

Hiyo ndiyo tuliyokuwa tumepanga. Niliweka kidole tayari.

Mama aliwatazama wale wa kwaya, kisha skrini, kisha mimi. "Ile ingine," akasema.

Sikubonyeza mara moja. Mwenzangu akanikanyaga chini ya meza. Nikabonyeza.

Ikaandika: fulani, mwite fulani yaya. Ikaandika jina langu, na chini yake wale wa kuwaita yaya, wawili. Mama aliinama karibu hadi pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Akasoma jina la kwanza. Akasoma la pili, kwa sauti ile ile. Mmoja wa wale mama wa kwaya aliweka mkono mgongoni mwake, akauacha hapo, na kwa mkono mwingine akaonyesha mstari wa wavulana. "Na huyu mutundu wenu," akauliza, "mashini inajua ni mutundu?"

"Haijaambiwa," mwenzangu akasema.

"Muiambie."

Tulirudi kwa miguu, mama na mimi, vumbi jeusi likipanda juu ya viatu vyake vya Misa. Tulipokaribia kwetu akaniuliza, "Ule mwenzako, jina lake linasema nini?"

Nilifungua mdomo kujibu, nikagundua sijui. Mwaka mzima nimekaa naye dawati moja, nimeliandika jina lake kwenye mashini mara nyingi, nimeshamwambia kwamba halisemi kitu.

"Sijui, mama. Nitamuuliza kesho."

"Umuulize," akasema. "Na umuambie aje kula."